Maji ya Tenda ya 2627

Mwaka ndoo za plastiki zilipoingia kwa wingi sokoni Bariadi, kazi yangu ya bati ilipungua nusu. Wanawake walizipenda kwa sababu ni nyepesi na zina rangi. Sikuwalaumu. Mke wangu mwenyewe, Felisita, alinunua mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, akazipanga mlangoni pa kibanda changu.

"Unanifukuzia wateja," nilimwambia.

"Wateja gani?" akauliza, akaendelea kufagia.

Ndivyo nilivyopata muda. Nilikuwa nimefanya kazi reli miaka kumi na minane, hadi 1992 tulipopunguzwa. Injini za mvuke zilikuwa zimeondolewa zamani, nyingine zimekatwa vyuma chakavu, na pamba yenyewe sasa ilibebwa na malori ya wanunuzi wapya. Nikaona kabla sijasahau nitengeneze injini moja ya mvuke, ndogo, kwa vipimo. Sikuwa na picha wala mchoro. Nilikuwa na kichwa changu na rula ya shule. Nilipanga futi moja ya injini iwe nusu inchi.

Nilianza na magurudumu, nikayakata kwenye bati nene la pipa, mawili mawili nikayalehemu pamoja, njiti za baiskeli zikawa ekseli. Fremu ilikuwa bawaba za mlango. Boila ilinishinda. Bati la kopo likikunjwa duara linaacha mshono, na boila ya kweli haina mshono unaoonekana kutoka mbali. Nilikaa wiki mbili bila boila.

Ndipo Ngassa alipokuja na pampu yake ya kupulizia dawa ya pamba. Ilikuwa ya zamani, silinda yake shaba tupu. Aliiweka mezani.

"Haivuti," alisema. "Iponye."

Niliifungua. Ndani ilikuwa imekwisha. "Kaka Ngassa, hii ni marehemu."

"Basi zika." Halafu akaona fremu na magurudumu. Akainama. Hakugusa kitu kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kimoja juu ya gurudumu la mbele, akalisukuma taratibu. "Hii ni ya darasa la 26," alisema. "Boila iko wapi?"

Wote wawili tuliitazama ile silinda ya shaba.

Inafaa nieleze Ngassa alikuwa nani. Huyu alikuwa fayamani, mtu anayekaa na dereva kwenye injini, kazi yake moto na maji. Akiacha maji ya boila yashuke chini ya kiwango, kuna kizibo cha risasi juu ya tanuri kinachoyeyuka, mvuke unaingia kwenye moto, na injini inakufa njiani. Ilimtokea mwaka 1974, mwaka wa ukame, kwenye injini namba 2627. Mvuke ulimchoma mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi vidole. Uchunguzi ulisema alisinzia akasahau maji. Akafukuzwa, akarudi nyumbani Somanda kulima.

Hapo pengine yangekwisha. Lakini kwetu wakati wa mavuno vikundi vya ngoma vinashindana, na kikundi kisichokuwa na mtu wa kumcheka kinashindwa. Mtunzi mmoja wa Migato, Shija, alitunga wimbo wa fayamani aliyekaa juu ya tangi la maji akafa kiu. Wimbo ukashinda Lalago, ukashinda Bukundi, ukaimbwa miaka. Tangu hapo jina la Ngassa likawa Minzi, yaani maji. Watoto waliozaliwa baadaye walimwamkia hivyo hivyo, "Mwadila, Minzi," bila kujua kwamba ni tusi.

Mimi sikumwita Minzi hata siku moja. Nilimwita Kaka Ngassa, mbele za watu, kwa sauti. Nilikuwa na sababu. Mwaka ule wa 1974 mimi ndiye niliyekuwa mtu wa maji kwenye kituo kidogo ambako 2627 ilijaza maji mara ya mwisho, na ushahidi wangu ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliomfukuzisha. Nilisema ukweli niliouona, kwamba nilimpa maji ya kutosha. Hata hivyo nilimhurumia. Niliona kumwita kwa jina lake ni wema wangu mdogo.

Kuanzia siku ya pampu alikuja karibu kila siku akitoka shambani. Alikaa kwenye debe, mkono wake wenye kovu magotini, akaikosoa injini.

"Bomba hilo lilipita juu ya gurudumu, halikupita chini."

"Nilidhani chini."

"Wewe ulikuwa unaiona kutoka chini, ndiyo maana kwako kila kitu kipo chini. Mimi nililala juu yake."

"Kumbe kweli ulikuwa unalala!" alisema Felisita kutoka ndani, kisha akajiziba mdomo.

Ngassa alicheka. Nilishangaa. Alicheka mpaka akafuta macho. "Shemeji, ungekuwa Migato ungemshinda Shija," alisema.

Kengele ya baiskeli ikawa kuba la mvuke. Chimni niliitoa kwenye karabai iliyovunjika. Ribiti nilizigonga kwa msumari butu kutoka upande wa nyuma wa bati, moja moja, kwa mstari niliouchora na penseli. Ngassa alizihesabu upande wa kushoto akasema zimezidi nne, nikabomoa nikaanza upya. Siku hizo nilikuwa na furaha, nadhani na yeye pia. Siku moja alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, alichopewa na mkewe Klementina. "Anasema tangu nianze kuja hapa nakula," alisema.

"Namba utaandika ipi?" aliniuliza siku hiyo.

"Chagua wewe."

"2627."

Nilimtazama.

"Ndiyo ninayoijua," alisema. "Nitajitia kujua nyingine?"

Ilipokamilika injini tuligeukia tenda, lile behewa linalofungwa nyuma ya injini kubeba maji na mafuta. Niliona ni kazi rahisi. Ni sanduku. Nililikata kwenye debe, inchi kumi na mbili kwa nne, kina inchi mbili, nikalehemu pembe. Ili kujua kama linavuja, nilimimina maji kwa glasi ya chai, na kwa kuwa napenda kujua mambo, nilihesabu. Glasi nane lilijaa. Nilichora kwa ndani alama nane, glasi moja kila alama. Halikuvuja.

Ngassa alipofika alichungulia. "Sanduku la mafuta liko wapi?"

"Nitaliweka juu."

"Kwenye zingine lilikuwa juu. 2627 ilitoka karakana nyingine, ilikuwa ya kuni. Walipoibadili iwe ya mafuta walilishusha sanduku ndani ya tangi la maji, hadi karibu na sakafu. Hapa katikati." Alipima kwa vidole. "Kutoka nje huwezi kuliona. Ukifungua kifuniko cha nyuma unaona maji tu."

Alikwenda zake. Nilitengeneza sanduku kama alivyoonyesha, nikalilehemu ndani ya tangi, na mchana wa siku iliyofuata, nikiwa peke yangu, nikajaribu tena kama kuna mahali panapovuja. Nilimimina. Maji yalifika alama ya sita. Glasi zilikuwa nne.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikamwaga, nikamimina tena. Alama ya sita, glasi nne. Bila shaka. Sanduku lilikuwa limekaa mahali pa maji. Kina ni kile kile, maji ni pungufu. Mtoto wa darasa la tatu angelijua hilo.

Nikaweka glasi chini. Mikono yangu ilikuwa imejua kabla yangu.

Kila kituo cha maji kilikuwa na fimbo ya kupimia. Unaitumbukiza kwenye tenda kupitia kifuniko cha nyuma, unaitoa, unatazama palipolowa. Fimbo ya kituo chetu ililiwa na mchwa. Hakuna aliyeniagiza nichonge nyingine, nilichonga mwenyewe. Niliitumbukiza kwenye tenda ya injini iliyokuwa imesimama, nikamuuliza dereva imebeba galoni ngapi, nikagawa, nikakata alama nane kwa kisu. Mkuu wa kituo aliisifu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilijivunia fimbo ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Na mwaka ule wa ukame maji yalitolewa kwa kipimo, hakuna kujaza. Amri ilikuwa alama sita. Alama sita zilitosha kufika kituo kinachofuata, na masalio juu.

2627 ilikuwa ngeni njia yetu. Ilipita mara moja tu. Ngassa alikuwa chini akimsaidia dereva kupaka mafuta, akaniita, "Maji?" Mimi nikiwa juu ya tenda nikajibu, "Sita kamili!" Akaniamini. Nilimpa maji ya alama nne.

Kwenye uchunguzi niliishika fimbo ile mbele ya wachunguzi wote. Nilisema, "Fimbo haina sababu ya kumchukia mtu." Watu walicheka. Nakumbuka nilifurahi kwamba walicheka.

Mtu mwingine angekimbia siku ile ile hadi Somanda. Mimi sikukimbia. Nilijaribu kwa glasi nyingine. Nilitafuta ubao ulionyooka, nikaweka tenda juu yake, nikajaribu tena. Nilijiambia huenda Ngassa amesahau kina cha sanduku, na siku iliyofuata nikamuuliza kama mtu anayeuliza jambo dogo.

"Una hakika lilishuka kiasi hiki?"

"Nililiingia kulisafisha," alisema. "Nilitapika. Mafuta mazito yale. Siwezi kusahau."

Siku tisa nilinyamaza. Alikuja, alikaa kwenye debe, alieleza, alicheka na Felisita. Maziwa yaliletwa nikashindwa kuyanywa, nikasema tumbo. Kila alipoinua ule mkono kuonyesha kitu, nilitazama injini. Felisita aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni moshi wa lehemu.

Siku ya kumi nilifanya jambo ambalo hadi leo linanichoma kuliko fimbo. Fimbo ilikuwa ujinga. Hili nilikuwa nalijua. Nilipasha moto chuma cha kulehemu, nikalitoa lile sanduku ndani ya tangi, nikalitupa kwenye pipa la vipande, nikafunika tenda juu kwa bati zima na kulilehemu pande zote, nikaacha tundu la nyuma tu. Nikapaka rangi nyeusi siku ile ile. Nilijiambia kwamba mwanasesere hahitaji matumbo. Hakuna ambaye angeona.

Ngassa alikuja jioni jua likiwa bado juu. Aliinua tenda, akaigeuza, akasifu rangi. Kisha akagonga kwa kucha, katikati. Akagonga pembeni. Akagonga katikati tena.

"Umelitoa sanduku," alisema.

Nilianza kufuta brashi ya rangi.

"Selestini. Ribiti nne ulibomoa ukaanza upya. Sasa sanduku zima umelitoa?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa, kama mtu aliyekuta mlango wake umefungwa kutoka ndani. "Kwa nini?"

Ningeweza kusema lilivuja. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amekaa pale kwenye debe na kofia yake mkononi, akisubiri jibu la kifundi, na sikuweza kumpa lile neno.

"Kwa sababu lilinihesabia," nilisema.

"Lilikuhesabia nini?"

Nilifukua pipa la vipande, nikalipata sanduku, nikawasha jiko la mkaa. Nilifungua juu ya tenda mbele yake, rangi ikanuka, nikalirudisha sanduku mahali pake. Nilingoja lipoe. Kisha nikampa glasi na ndoo.

"Mimina hadi alama ya sita," nilisema. "Hesabu."

Alimimina kwa mkono wake wa kulia, polepole, bila kumwaga hata tone, kama alivyokuwa amefundishwa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akasimama na glasi ya tano mkononi.

"Bila sanduku ni sita," nilisema. "Fimbo ile niliichonga mimi. Niliipima kwenye tenda isiyo na sanduku ndani. Ulipata nne, Kaka. Nilikupa nne nikakuambia sita."

Barabarani lori la pamba lilipita, honi ikapigwa, likaenda.

"Lini umejua?" aliuliza.

"Siku kumi."

"Siku kumi," alisema. "Siku kumi nimekunywa chai yako."

Aliiweka glasi chini, imejaa vile vile. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba Felisita, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilazimika kusogea.

"Unajua nilikuwa sikumbuki kusinzia? Miaka mitatu, minne, kila siku nalima huku naipitia safari ile. Nilifungua wapi, nilifunga wapi. Sikumbuki kusinzia. Lakini kila mtu akisema ulisinzia, na wimbo unasema ulisinzia, na mkwe wako anasema, mwisho unajiona umesinzia. Unaona hadi kichwa kikianguka. Pasaka moja nilikwenda kwa padri nikaungama. Nilimwambia, Baba, nilisinzia, nusura niue watu. Akanipa sala, nikasali zote." Akanitazama. "Niliungama dhambi ya fimbo yako, Selestini."

"Nisamehe, Kaka."

"Usiniombe hilo leo." Alisimama, akavaa kofia. "Kesho ni Jumapili. Baada ya misa utakuja nyumbani umwambie Klementina. Kwa Kisukuma, usimwambie kwa Kiswahili cha reli. Kisha twende Migato. Ubebe tenda hiyo."

Klementina alinisikiliza akiwa amesimama. Niliposema yote, aliniambia nirudie. Niliporudia, alimgeukia mumewe, akamshika ule mkono wa kovu, akautazama kama vile hajawahi kuuona. Mimi hakunikaribisha kukaa, na hilo katika nyumba ya Msukuma linatosha.

Migato tulikwenda kwa baiskeli mbili, tenda nimeifunga kwenye karia kwa mpira. Shija alikuwa mzee sasa lakini sauti haikuzeeka. Tulimkuta uani anakaza ngozi ya ngoma kwa ajili ya mavuno.

"Mwadila, Minzi!" aliita. "Umenipa heshima. Na huyu ngosha aliyebeba bati ni nani?"

"Msikilize," alisema Ngassa.

Nilieleza. Niliomba maji, nikaweka tenda juu ya kigoda, nikaonyesha glasi nne zikifika alama ya sita. Watu wa nyumba walisogea, kisha majirani. Nilirudia kwa kila aliyechelewa. Mara ya tatu Shija aliniinulia mkono ninyamaze.

"Nimeelewa. Mimi si mbuzi." Aliigusa tenda, akazipapasa ribiti. "Kazi nzuri lakini. Mikono yako ni mizuri, tatizo ni kwamba inajiamini." Watu wakacheka. Akamgeukia Ngassa. "Wimbo ule ulinishindia Lalago mara mbili. Unataka niufute?"

"Nataka usiimbwe."

"Mimi nimeacha kuuimba miaka sita. Wanaouimba hata hawanijui. Nitakwenda kila uwanja niwaambie watu wasahau? Watauimba zaidi." Alipiga ngoma kidogo kwa vidole, akisikiliza ngozi. "Ninachoweza ni kuwapa mwingine. Wa fayamani aliyenyimwa maji. Lakini wimbo wa aliyenyimwa unataka mnyimaji. Mtu mwenye fimbo yake." Akanitazama, na wote wakanitazama.

"Sikumleta umtungie," alisema Ngassa haraka.

"Umemleta wa nini basi? Kunywa maji yangu?"

Ngassa aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimwona anatafuta neno la kuniokoa, yeye, baada ya yote, na hilo sikuweza kulivumilia.

"Tunga," nilisema.

"Wataimba mpaka Bariadi sokoni," alisema Shija. "Mbele ya mkeo. Watoto wako watakuja nyumbani nao."

"Najua."

"Jina?"

"Selestini Masele."

Alilijaribu kwenye ngoma mara mbili, akatikisa kichwa. "Refu. Watu watalivunja katikati. Halina mguu wa kuchezea. Nyumbani walikuitaje, kabla ya ubatizo?"

Jina hilo Bariadi hakuna anayelijua isipokuwa Felisita. Ni mama aliyelitumia, na dada zangu waliobaki Bukundi, na hakuna mwingine. Nilimtazama Ngassa. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sayi," nilisema.

Shija akarudia, akapiga, na safari hii ngoma ililipokea.